Baiskeli ya Mutheu na Mafuta ya Mama Mkwe

Nimeacha kazi. Naiandika waziwazi kwa sababu kuna watu hapa Kwa Vonza ambao bado wanakuja kwangu na gurudumu mkononi wakidai wamepita tu kunisalimia. Macho yangu hayaoni tena pini ya cheni, na mgongo ukitakiwa kuinama unataka kwanza tujadiliane. Kibanda nimewaachia nyinyi vijana, na mliponiomba niwaachie pia maneno mawili matatu ya kazi, nikasema nitaandika, maana nikiongea huwa mnaangalia simu.

Msitegemee nieleze nilipanda cheo lini. Fundi baiskeli hana cheo. Ana kibanda, kibanda kina mabati, na mabati yana matundu. Hiyo ndiyo ripoti yangu ya maendeleo, tuendelee.

Nilianzia Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kwa mzee mmoja aliyeitwa Ngumbau. Mzee Ngumbau alikuwa fundi mkali kuliko wote niliowahi kuona, na hakujua kuendesha baiskeli. Kweli kabisa. Akitoka kuchukua baiskeli ya mteja upande wa pili wa soko, alirudi akiisukuma polepole kama anayepeleka mgonjwa zahanati. Watu wakimcheka, anawauliza, "Kwani daktari wa ng'ombe hula nyasi?" Baiskeli akishaimaliza, mimi ndiye niliyepanda na kuzunguka nayo mbele ya kibanda huku yeye ameketi, macho amefumba, anasikiliza. "Rudi," anasema. "Inalia." Mimi niliyekuwa juu yake sikuwa nimesikia kitu.

Siku yangu ya kwanza alinipa black mamba ya muuza makaa, ile baiskeli nzito nyeusi ambayo hubeba gunia, mke na mbuzi bila kulalamika. Akaniambia nirudishe gia ya nyuma. Nikairudisha, nikaikaza kwa nguvu zangu zote ili aone amepata kijana wa kazi. Muuza makaa akaja, akapanda, akashika nguzo ya kibanda, akapiga pedali. Akapiga tena. Miguu ikazunguka vizuri sana, cheni ikazunguka, baiskeli ikabaki palepale. Gia ilikuwa imefungwa ikiangalia upande usiofaa. Mzee Ngumbau alikuwa ameona tangu mwanzo, lakini hakusema neno mpaka yule mtu alipoanza kutoka jasho. "Mazoezi," akamwambia. "Hapa tunatoa bure."

Baiskeli ya resi niliiona kwanza hapohapo Kambu. Mwanamume mmoja wa Nairobi alikuwa akienda Mombasa kwa starehe, jambo ambalo tulimwuliza mara mbili kama ni kweli. Alikuwa amevaa suruali iliyombana hadi tukamwonea huruma. Cheni yake ilikuwa inaruka. Akisimama juu ya pedali, krak, mguu unatumbukia. Alikuwa ametiwa cheni mpya Nairobi na hakuelewa shida iko wapi. Mzee Ngumbau akainama, akatazama gia za nyuma zilivyopangana, meno yamelala upande mmoja na kuchongoka kama ya papa.

"Cheni na gia ni mtu na mkewe," akaniambia. "Wameishi pamoja, wamezoeana ubovu. Ukimletea mzee mke mpya, atarukaruka tu."

Yule wa Nairobi hakucheka. Nafikiri alikuwa na mambo yake. Lakini somo lote la kazi hii liko hapo, na mliandike mahali. Cheni ikichakaa, inarefuka. Haivutiki kama mpira, la, ni vile pini zinakula matundu yake, kila moja kidogo, na vidogo vikijumlishwa vinakuwa kitu. Cheni iliyorefuka inakula meno ya gia mpaka meno yafanane nayo. Ukiwahi kubadilisha cheni mapema, gia zinapona. Ukichelewa, unabadilisha vyote: cheni, gia za nyuma, ile ya mbele inayozungushwa na pedali, na vile vigurudumu viwili vidogo vya nyuma ambavyo kila mtu huvisahau, hata nyinyi.

Kupima ni kwa rula ya shule. Pini moja kwenye sifuri, halafu unaenda hadi kwenye futi moja. Cheni nzima ina pini inayokaa sawasawa pale kwenye mstari. Ikiwa pini imepita mstari, mwambie mwenyewe. Mimi nimepima cheni ambazo pini ilikuwa imepita mstari na kuanza kuelekea Kitui mjini.

Chombo changu cha pili nilikitengeneza mwenyewe: kipande cha chuma na cheni kuukuu imefungwa mwishoni, ya kushikilia gia zisizunguke wakati unafungua. Kinafanya kazi vizuri. Tatizo lake ni kwamba kinafanana na kitu cha kuvamia watu. Askari wa kizuizi cha barabarani aliwahi kunishusha nacho kwenye matatu na kuniuliza nakwenda kumpiga nani. Nikamwambia nakwenda kufungua gia za mwalimu. Akaniuliza mwalimu amenikosea nini.

Nilipojitegemea nilikuja Kwa Vonza, nikaoa Mwikali, na kwa kumwoa Mwikali nikapata mama mkwe. Hapa lazima nieleze, kwa sababu nyinyi vijana mnamkumbatia mama mkwe mbele ya watu na kumpiga picha. Sisi tulikuwa na nthoni. Nthoni ni ile heshima ya Kikamba baina ya mwanamume na mama wa mke wake: hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na hamwongeleshani ovyo. Mtu wa nje anafikiri ni chuki. Si chuki hata kidogo. Mimi nilimpenda yule mama, nilimpenda kwa mbali.

Na tulikuwa kanisa moja. Yeye alikuwa kiongozi wa akina mama wa maombi, safu ya mbele kabisa. Mimi nilikaa ya nyuma, karibu na mlango, na ibada ikiisha nilikuwa wa kwanza kutoka, hata watu wakadhani nina njaa kila Jumapili. Tukikutana njiani, mimi naingia kichakani upande huu, yeye anaingia upande ule, na njia inabaki tupu kabisa. Siku moja tulikwepana kwa bidii mpaka tukajikuta nyuma ya kichaka kimoja. Yeye akasalimia kichaka. Mimi nikasalimia kiatu changu. Kila mtu akaenda zake.

Sasa, mama mkwe alikuwa na kitindamimba, Mutheu, shemeji yangu. Ndugu zake wote walikuwa wameshaoa na kuolewa, wamehama, yeye amebaki na mama nyumbani. Alipeleka maziwa kwa baiskeli tangu akiwa shule, kwa ile black mamba ya marehemu baba yake, na miguu yake ikawa si ya mchezo. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimkuta kwenye mlima wanaongeza mafuta ili wasiaibike. Mwalimu mmoja wa chuo, akihama, akampa baiskeli yake ya resi ambayo alikuwa ameinunua apunguze tumbo. Tumbo lilikuwa limeshinda. Baiskeli ilikuwa kama mpya.

Mutheu akaniletea. "Shemeji, iweke sawa. Kuna mashindano ya kupanda mlima wa Nunguni. Wasichana watatu wa kwanza wanachukuliwa na timu. Wanakaa huko Nairobi, wanafunzwa, wanalipwa. Kuendesha tu, shemeji! Wanakulipa kuendesha!"

Sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile. Nikaipima cheni, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikatia tone moja la oili ya cherehani kila pini, nikaifuta mpaka ikawa kavu kwa nje. Ikazunguka kwa utamu. Hapo ndipo kazi yangu ilipoisha na ya mama mkwe ikaanza.

Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Nimeona ikiombewa mashine ya kusaga, pikipiki, viti vya plastiki, na simu moja ambayo ililia katikati ya maombi yake yenyewe. Baiskeli ya Mutheu ikapelekwa mbele. Akina mama wakaizunguka, wakaiwekea mikono. Mama mkwe akatoa chupa ya mafuta ya kupikia iliyokwisha kuombewa. Tone kwenye usukani. Tone kwenye kiti. Halafu akauliza, "Na ni wapi hasa inapofanyia kazi?"

Mutheu, kwa ujinga wa furaha, akaonyesha cheni.

Chupa iliishia hapo. Mimi nikiwa kule nyuma mlangoni nilisikia yakitiririka. Glu, glu, glu. Watu wakasema amina. Na haikuwa siku moja. Kila Ijumaa mchana akina mama walikuwa na maombi, na kila Ijumaa baiskeli ilipakwa upya.

Vumbi la Kwa Vonza mnalijua. Ni jekundu, ni laini, linaingia mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Likikuta cheni kavu, linapita. Likikuta cheni yenye mafuta ya kupikia, linashukuru na kukaa. Mafuta na vumbi vikichanganyika vinakuwa msasa, na kila Mutheu alipopiga pedali alikuwa anasugua gia zake kwa msasa. Baada ya wiki chache nikaweka rula. Nikaiondoa, nikaifuta, nikaiweka tena, nikidhani ni macho. Cheni ilikuwa imekwisha. Mimi nilikuwa nimeikadiria miaka.

Nikatia nyingine. Hiyo mpya haikutoa sauti hata kidogo, na akina mama wakasema, "Mmesikia? Imenyamaza. Maombi yamejibiwa." Kwa furaha wakaongeza.

Nikamwita mke wangu. "Mwikali, mwambie mama mafuta yanaharibu baiskeli."

"Mimi?" akasema. "Nimwambie mama maombi yake yanaharibu kitu? Wewe unataka kunizika?"

"Si maombi. Mafuta."

"Nenda ukamweleze hiyo tofauti wewe."

Alijua siwezi. Nikambembeleza siku mbili, mwishowe akaenda. Nikamwuliza amesemaje. Akasema amemwambia kwa adabu, "Mama, fundi anasema mafuta haya hayaifai baiskeli."

"Na yeye?"

"Amekubali. Amesema ni kweli, amekuwa akimpa Mungu mafuta ya dukani."

Ijumaa iliyofuata akaleta samli. Samli safi ya ng'ombe wake mwenyewe, ya kupika nyumbani, yenye harufu ambayo ukiisikia unakumbuka utoto wako wote. Ilipakwa kwenye cheni kwa mkono. Nawaambia, katika miaka yangu ya kazi nimetoa vitu vingi kwenye cheni: nyasi, leso, mkia wa mjusi. Sikuwa nimewahi kuletewa baiskeli kibandani nikakuta sisimizi wamejipanga kwenye gia ya tatu. Na mbwa! Mbwa wa soko zima walimpenda Mutheu ghafla. Alikuwa akifanya mazoezi na kundi la mbwa nyuma yake, ndimi nje. Yeye alisema wamemsaidia kuongeza mwendo.

Nikamwendea pasta. Pasta alikuwa mtu mpole, akasema ataligusia kwenye mahubiri bila kutaja jina. Jumapili akahubiri juu ya kiasi. Alihubiri vizuri sana. Akasema kitu kizuri kikizidi kinakuwa mzigo, na mama mkwe kule mbele akasema amina kuliko wote. Baada ya ibada watu wakatia sukari nusu kijiko kwenye chai.

"Nimemaliza, fundi," pasta akaniambia. "Nimesema wazi."

"Umesema juu ya sukari, pasta."

"Wameelewa kwa njia yao," akasema, akanywa chai yake isiyo na ladha.

Basi mkosi ukafika pale unapofikaga. Mutheu akasimama juu ya pedali kwenye mlima wa kwenda Kitui, cheni ikaruka, krak, goti likagonga usukani. Alikuja kibandani akichechemea, damu imekauka kwenye soksi. Nikatazama gia. Meno yamelala, yamechongoka. Papa wa Kambu. Cheni ya pili nayo ilikuwa imepita mstari. Safari hii cheni peke yake isingesaidia.

"Shemeji," akasema, na hakuwa analia, lakini sauti ilikuwa karibu, "ikiniruka Nunguni, ndiyo mwisho. Sitapata nafasi nyingine. Nitapeleka maziwa mpaka nizeeke, na mama ataanza kuombea mitungi."

Nikaagiza seti nzima Nairobi. Duka likaniambia ndiyo ya mwisho ya saizi ile na hawajui lini nyingine itakuja. Ikafika zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mashindano. Nilifungua gia kuukuu kwa kile chombo changu cha uvamizi, nikaosha kila mahali, nikavalisha gia za nyuma, ya mbele, vigurudumu viwili vidogo, nikakata cheni mpya kwa kipimo na kuiunga. Niliizungusha pedali kwa mkono nikiwa nimefumba macho. Haikulia. Nikafurahi kwa kitambo kidogo, halafu nikakumbuka kesho yake ni Ijumaa. Aki ya Mungu nilitamani kuificha ile baiskeli chini ya kitanda.

Ijumaa hiyo asubuhi nikiwa peke yangu kibandani, nikasikia mtu akikohoa nyuma ya mabati. Ni kile kikohozi cha adabu, cha kusema nipo. Nikakijua. Mama mkwe alikuwa amekuja kuichukua baiskeli mwenyewe, na nikasikia kifuniko cha chupa kikilegezwa.

Nikakohoa. Akakohoa. Nilitupa macho huku na huku nimtafute mtu wa kumtuma. Mwikali alikuwa sokoni. Hata mbwa hakukuwa. Mbele yangu kulikuwa na baiskeli tu, imening'inia kwenye kamba, cheni inang'aa. Nikafanya kitu ambacho sijawahi kukisikia popote. Nikaiongelesha baiskeli.

"Baiskeli," nikasema kwa sauti kubwa, "nimekuvalisha gia mpya na cheni mpya, na hakuna nyingine. Mtu akikumwagia mafuta, vumbi litashika, utachakaa, na Nunguni utamwangusha huyu msichana."

Nikasikia chupa ikiwekwa chini.

"Baiskeli," sauti ikasema upande wa pili wa mabati, "mwambie huyo anayekutengeneza kwamba mimi siombi ushinde."

Hilo sikulitarajia. "Baiskeli, hebu muulize basi anaomba nini."

"Naomba umrudishe. Wote wameenda. Huyu ndiye ananikamulia ng'ombe na kunigombeza nikisahau dawa. Na wewe una matairi membamba hivi, unamteremsha milima, na kila Ijumaa mimi nikikupaka mafuta nakuambia, nenda naye, rudi naye. Sasa nisipokupaka nitakuambiaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa, na nikaona uchungu moyoni, nawaambia ukweli, nikashika spana bila sababu. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nafikiri napigana na chupa ya mafuta.

"Baiskeli," nikasema, "kuna kazi moja kwako ambayo mimi nimekosa muda nayo. Cheni inataka kufutwa kila jioni kwa kitambaa, pini moja baada ya nyingine, polepole. Halafu tone moja tu kila pini, na kufutwa tena. Inataka mtu mwenye subira. Akiifuta anaweza kukuambia chochote anachotaka."

"Kitambaa cha aina gani?" akauliza, akisahau kabisa kupitia kwa baiskeli.

"Cha pamba, ma... baiskeli," nikasema.

Nikamsikia akicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa karibu.

Tangu siku hiyo aliifuta. Mwikali aliniletea habari kila jioni. Mama alikuwa ametoa kitambaa cha meza cha wageni. Mama alikuwa anaombea mtu mmoja wa ukoo kwa kila pini. Mama alikuwa ameishiwa na ukoo katikati ya cheni, akaingia majirani, kisha pasta, kisha chifu. Pini chache za mwisho alizipa wale mbwa, maana walikuwa wamekonda. Nilipoikagua baiskeli mkesha wa safari, sikupata cha kufanya. Nimekuwa na wasaidizi wa kulipwa ambao hawakufikia kitambaa kile.

Nunguni ni juu, na sisi watu wa Kwa Vonza hatukujua baridi ni kitu cha kuuzwa hivi, kwa jumla. Wenyeji walikuwa wamevaa makoti wakiuza kabeji, wakatuangalia tukitetemeka ndani ya fulana za kanisa zilizoandikwa jina la Mutheu. Akina mama wa maombi walisimama upande mmoja wa barabara. Mimi nikasimama upande wa pili, kwa heshima, nyuma ya mlima wa kabeji.

Wanaume wakapita. Halafu wasichana wakaanza kuonekana kwenye kona ya chini, mmoja mmoja, wamesimama juu ya pedali. Wa kwanza. Wa pili. Pengo refu. Halafu wawili pamoja, bega kwa bega, na mmoja wao ni Mutheu. Yule mwenzake aliinuka, akavuta. Mutheu naye akainuka kwa uzito wake wote. Pale ndipo cheni huruka. Nikafumba macho, nikasikiliza. Akina mama walikuwa wanapiga kelele, wauza kabeji wanapiga kelele, lakini nyinyi mnajua fundi anasikia nini. Nilisikia cheni yake inapita mbele yangu, fuu, bila neno. Nilipofumbua, Mutheu alikuwa ameshavuka mstari, na yule mwingine alikuwa nyuma yake kwa urefu wa gurudumu.

Wa tatu! Nilirukaruka, mtu mzima, nikaangusha kabeji za watu. Akina mama walipiga vigelegele mpaka wakakauka koo. Mama mkwe naye alipiga, halafu nikaona ameacha peke yake, mkono bado uko mdomoni. Kocha wa timu, mama mmoja mrefu mwenye filimbi, alikuwa amemshika Mutheu bega anamwandika, na watu wake walikuwa tayari wanapakia baiskeli kwenye gari lao. Wanaondoka moja kwa moja, akasema. Nguo atanunuliwa. Mutheu alimkumbatia mama yake, alinipungia mimi, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na gari likaondoka.

Mvua nyembamba ikaanza. Watu wakakimbilia vibandani. Mama mkwe akavuka barabara akaja mpaka pale niliposimama, na hapakuwa na baiskeli ya kuambiwa. Ilikuwa imeenda na mwenyewe. Alisimama mbele yangu na kunitazama usoni.

"Umeitengeneza vizuri mno," akasema.

Nikainama kuokota kabeji niliyoiangusha.

"Ungeitengeneza vibaya kidogo," akasema. "Kidogo tu."

"Pole, mama," nikasema. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia moja kwa moja.

Tukasimama pale mvuani, tunatazama barabara. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mteja, "Hiyo cheni itakaa muda gani?"

"Vile anaendesha, na milima ya huko, miezi michache."

"Halafu ataileta uibadilishe."

"Huko wana mafundi wao, mama. Wana vyombo vya kisasa."

Akafikiria. "Wanajua kuombea?"

"Sidhani."

"Basi ataileta," akasema, akajifunga leso kichwani na kwenda kuwatafuta wenzake.

Sikuamini. Timu haiachi msichana asafiri na cheni mbovu wakati ina fundi wa kulipwa. Lakini mwezi wa nane, mchana, Mutheu akaingiza baiskeli kibandani, amekonda mashavu, amevaa suruali ya kubana ambayo mama yake hakutakiwa kuiona. Nikaweka rula kwenye cheni. Pini ilikuwa imepita mstari vibaya sana.

"Mutheu! Mafundi wenu wamelala?"

"Walitaka kuibadilisha, shemeji," akasema. "Mara tatu. Nimekuwa nikiificha."